Dobi Anayefua Maji

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kuwasha taa, Dobi anasimama katikati ya ghala na kusikiliza.

Anaanza na pampu. Kisha hewa inayobubujika ndani ya matangi. Kisha maji yanayodondoka kutoka kwenye mnara wa plastiki, rasharasha, kama mvua isiyotaka kumwamsha mtu. Sauti zote zikiwa mahali pake, ndipo anapopapasa ukuta na kubonyeza swichi.

"Mtu aliyelala humwangazii tochi usoni," anasema kwa sauti ya chini. "Unasikiliza kwanza anapumuaje."

Asubuhi hii anayapita matangi matatu makubwa akiyapiga kiganja moja moja, kama mtu anayesalimia ng'ombe wake. Anakwenda moja kwa moja kwenye tangi la nne, dogo kuliko yote, lililotengwa kwenye kona. Anachota maji kidogo katika kichupa cha kioo chembamba kama kidole, anadondoshea dawa, anaziba, anatikisa, kisha anakisimamisha dirishani mbele ya karatasi nyeupe.

Rangi haiji papo hapo. Inabidi kusubiri. Ikiwa ya zambarau, maji bado yana sumu, na perege wa tangi la nne wataendelea kupewa chakula kwa kijiko kama wagonjwa, kama walivyofanyiwa kwa wiki tano sasa. Ikiwa ya buluu hafifu, wamepona.

Perege hao ni wake. Ni samaki wa kwanza maishani mwake kuwaita wake, na ndani yao imo mashine ya kufulia ya mkewe.

Dobi ni jina la kazi aliyoifanya tangu ujana, na limemganda hata baada ya kazi yenyewe kumtoka. Ana miaka hamsini na mbili, mrefu, mwenye kucha nyeupe na ncha za vidole zilizokunjamana kwa miaka mingi ya sabuni. Yeye na mkewe walikuwa wakifua mashuka ya nyumba za wageni kwenye ua wa nyumba yao, ambako kamba za kuanikia bado zinapita kutoka ukuta hadi ukuta. Kisha nyumba za wageni zikaanza kununua mashine zao, moja baada ya nyingine. Mafurushi kumi ya wiki yakawa mawili.

"Hatukufukuzwa," anasema. "Tuliachwa tu. Kuachwa kunauma zaidi, kwa sababu hakuna wa kumlaumu."

Mwenye ghala ni muuguzi mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Sista. Alikuwa mmoja wa wateja waliobaki. Siku moja alileta mapazia yake, na badala ya kuuliza yatakuwa tayari lini, akamwambia Dobi kwamba anatafuta mtu wa kuangalia maji ya samaki.

"Nikamwambia, Sista, mimi samaki namjua akiwa kwenye sahani. Akaniambia, 'Samaki atajiangalia mwenyewe. Mimi nataka mtu anayejua maji yanachafuka kabla hayajaonekana machafu.' Basi, hapo akawa amenishika."

Majirani walicheka. Mpaka leo wapo wanaomwuliza njiani kama samaki wa jana wamekauka au bado wako kambani.

"Nawajibu wamekauka, bado kupigwa pasi."

Kazi yenyewe, ukiitazama kwa karibu, haiko mbali sana na ufuaji. Matangi ya Sista hayana mto wala bwawa nyuma yake. Maji ni yale yale, yanazunguka mchana na usiku, na kila yakimaliza mzunguko sharti yawe yamefuliwa.

"Hebu fikiria," anasema Dobi. "Samaki anakula, analala, anakwenda haja na anapumua katika chumba kimoja. Wewe ungeweza? Siku ya pili tu ungeita polisi."

Maji hutoka chini ya tangi yakiwa na kinyesi na mabaki ya chakula. Kwanza hupita katika pipa la wavu linalozunguka, ambalo hukamata kila kinachoonekana kwa macho. Kwa Dobi, hiyo ni kukung'uta nguo kabla ya kuiloweka. Kazi ngumu inafuata, maana uchafu unaoua samaki hauonekani. Ni amonia, sumu ambayo samaki wenyewe huitoa, zaidi kupitia matamvua wanayopumulia.

Dawa yake ni pipa lililojaa vigurudumu vya plastiki, kila kimoja kidogo kama kifuniko cha chupa, vinavyochezeshwa na hewa bila kupumzika. Juu ya vigurudumu hivyo wanaishi bakteria. Wa zamu ya kwanza wanakula amonia na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wa zamu ya pili wanakula nitriti na kuigeuza nitrati, ambayo samaki anaivumilia na bustani ya mboga ya Sista nje ya ghala inaipenda mno. Baada ya hapo maji yanadondoka mnarani ili yatoe hewa chafu, yanapita kwenye taa ya mionzi inayoua vijidudu vya maradhi, yanaongezwa oksijeni na kurudi kwa wenyewe.

"Hiyo taa ndiyo rafiki yangu," anadakia Sista, ambaye ameingia akiwa na kikombe cha chai na miwani kichwani. "Miaka thelathini wodini nimeua vijidudu. Leo nimezeeka, naambiwa niwafuge! Afadhali wameniachia pa kuulia kidogo."

Katika kila ndoo kumi za maji yanayotoka kwenye matangi, zaidi ya tisa hurudi. Kwa hili Dobi ana msemo wake, na anausema kwa madaha ya mtu aliyeusema mara nyingi.

"Wazee walisema maji yakimwagika hayazoleki. Hawakuliona ghala hili."

Lakini pipa la vigurudumu lina sharti moja, nalo ndilo lililowashinda wengi. Vikiwa vipya, vigurudumu ni vyeupe. Bakteria wakishakaa, vinavaa utando wa kahawia unaoteleza, ambao kwa jicho la mtu yeyote ni uchafu, na kwa jicho la dobi ni aibu. Utando huo haufuliwi. Ukioshwa kwa maji ya bomba, klorini iliyomo huwaua bakteria, na kuwarudisha huchukua wiki nyingi. Fundi aliyefunga mitambo alikaa na Sista na Dobi mwezi mzima akiwafundisha kupima na kusoma rangi, na neno lake la mwisho mlangoni lilikuwa: msivioshe.

"Mwanzoni mikono iliniwasha," anakumbuka Dobi. "Kila nikipita hapo natamani kuvisugua. Nikawa natembea na mikono mfukoni."

Tangi la nne lilijengwa kwa ajili ya kupokea samaki wageni kabla hawajachanganywa na wenyeji, ndiyo sababu lina maji yake lenyewe na pipa lake dogo la vigurudumu. Mwaka jana Sista, ambaye hakuwa na uwezo wa kuongeza mshahara, alimpa Dobi tangi hilo. Maji na umeme juu ya Sista, vifaranga na chakula juu ya Dobi, na mavuno ni ya Dobi.

Ili kununua vifaranga, mashine ya kufulia iliuzwa. Ilikuwa ya mkewe hasa, aliyeidundulizia kwa miaka, na ndiyo iliyomponya mgongo.

"Nilikaa siku mbili simsemeshi," anasimulia mkewe, mwanamke mfupi mchangamfu mwenye macho yasiyotulia. "Ya tatu nikamwambia, haya, chukua. Lakini ujue umebeba mikono yangu."

Wiki tano zilizopita, mpishi mkuu wa hoteli moja alituma ujumbe kwamba angekuja kesho yake kuwaona samaki. Wa tangi la nne ndio waliokuwa wakikaribia ukubwa anaoutaka. Sista alikuwa safarini kwa bintiye. Dobi alikwenda kuchukua chakula cha samaki, na mkewe, ambaye hakuwa na mazoea ya kufika ghalani, akaja kusaidia usafi.

Alifagia. Akapiga deki. Akafuta vumbi juu ya mabomba. Kisha akafunua pipa dogo la tangi la nne.

"Nikasema, Mungu wangu, wageni waje wakute haya? Kwetu sisi, watu wa kufua?"

Alivitoa vigurudumu vyote, akaviloweka kwenye mabeseni kwa dawa ya kung'arishia mashuka, akavisugua, akavisuuza maji matatu kama alivyofundishwa na mama yake, akavianika juani. Dobi aliporudi jioni alivikuta vimekwisharudishwa ndani ya pipa, vinacheza kwenye hewa, vyeupe kama meno ya mtoto.

"Vipi?" mkewe aliuliza.

"Vimetakata, mama watoto," Dobi akajibu. "Vimetakata sana."

Kisha akachukua ndoo, akaenda nyuma ya ghala, akaigeuza na kuikalia.

Hakumwambia. Akiulizwa sababu, anaangalia tangi badala ya muulizaji.

"Uso aliokuwa nao," anasema. "Tangu mashine iuzwe, sikuwa nimeuona uso ule. Ningeanzia wapi?"

Mkewe alipoondoka, alimpigia simu Sista. Jibu lilikuwa fupi: asiwape samaki hata punje, kwa kuwa asiyekula hachafui.

Mpishi alikuja asubuhi. Alisifu sakafu, akasifu mabomba, akainama juu ya pipa dogo na kusema hajapata kuona kazi safi namna hiyo. Mke wa Dobi alisimama pembeni, mikono nyuma, akitabasamu. Jioni ya siku hiyo hiyo perege walipanda juu, midomo nje, wamejibana pale maji yanapoingilia.

Sista alirejea kwa gari la kwanza alilolipata. Alivitazama vigurudumu vyeupe, akavua miwani, akavaa tena.

"Nani?"

"Mimi," Dobi akasema.

"Wewe? Wewe unayewaamkia hawa wadudu?"

Hakuuliza tena. Alivuta beseni na kwenda kwenye pipa kubwa, lile linalosafisha matangi yake matatu, akaanza kuchota vigurudumu vya kahawia vyenye bakteria hai. Hapo alikuwa anacheza na riziki yake mwenyewe, maana akichota vingi mno, matangi yote manne yangeugua.

"Wodini tuliita kuongezewa damu," anasema. "Anayetoa hafi, mradi usimkamue."

Alitoa ndoo tatu, zikamiminwa kwenye pipa dogo. Waliongeza chumvi ndani ya tangi, ambayo huizuia nitriti isiingie kwenye damu ya samaki. Walibadilisha maji kwa yale yaliyowekwa kwenye mapipa mpaka klorini ikatoka. Hata hivyo, katika perege mia nne, sitini na kitu walikufa.

Siku ya tatu mkewe alifika na kuwakuta wamepangwa kwenye beseni. Aliuliza kimewaua nini. Dobi akamwambia maji yamechafuka.

"Yamechafuka? Mimi nimeyasafisha kwa mkono wangu!"

Sista aliinama kufunga valvu ambayo tayari ilikuwa imefungwa. Dobi alijifuta mikono, akaendelea kujifuta. Mkewe aliwatazama wote wawili, akaelewa, akaweka kanga yake sawa na kutoka nje. Hakukanyaga tena ghalani. Kesho yake alianza kupokea mashuka ya majirani na kuyafua kwa mkono, mgongo huo huo, kama anayelipia kitu.

Tangu hapo, kila asubuhi, Dobi amekuwa akipima. Amonia ilishuka mapema. Nitriti ndiyo iliyogoma.

"Zamu ya kwanza walifika kazini mara moja," anasema. "Zamu ya pili, hao ni waajiriwa wa ofisini. Mpaka wanywe chai."

Rangi ya kichupa ilikuwa zambarau iliyoiva, ikabaki zambarau wiki baada ya wiki, kisha ikaanza kufifia. Dobi hakuwa na wasiwasi, au kama alikuwa nao hakuuleta kazini. Alichokuwa akikisubiri anakijua kwa macho. Ni rangi ya maji ya mwisho ya dobi, yale yanayotiwa buluu kidogo ili mashuka meupe yasigeuke manjano.

Asubuhi hii, dirishani, ndiyo hiyo.

Anakigeuza kichupa. Anakisogeza karibu na karatasi, anakitenga. Anamwita Sista, ambaye anateremsha miwani kutoka kichwani na kukipeleka kwenye mwanga.

"Pima tena," Sista anasema.

Wanapima tena, wanasubiri tena. Buluu. Sista anakaa juu ya gunia la chakula na kuimaliza chai yake, ambayo imepoa.

"Nenda kamwambie," anasema. "Pampu nitazisikiliza mimi."

Dobi hapigi simu. Anakifunga kichupa vizuri, anakitia mfuko wa shati na kukishikilia kwa kiganja njia nzima, kama mtu aliyebanwa na kifua. Nyumbani anamkuta mkewe ameinama juu ya beseni, povu hadi viwikoni.

"Saa hizi? Umefukuzwa?"

"Shika hii."

"Mikono ina sabuni."

"Basi tazama."

Anatazama. Anakunja uso.

"Umetia buluu kwenye kichupa uje unitanie, baba watoto. Mimi leo sitaki mchezo."

"Ni maji ya tangi la nne."

Mkewe anaitoa mikono beseni. Povu linamdondoka mikononi, tone moja moja.

"Nani ameyafua?"

"Wenyewe. Wale wa utelezi."

"Wamerudi?"

"Wote. Hata wale wa zamu ya pili."

Anainama, anatoa shuka kwenye maji na kumpa mumewe ncha moja. Wanalikamua kama walivyokamua maelfu ya mashuka, huyu akisokota kulia, yule kushoto, bila kuangaliana. Maji yanamwagika kwenye sementi. Ni baada ya kulitundika ndipo mkewe anaposema, akiwa upande wa pili wa shuka, ambako uso wake hauonekani.

"Uliniambia vimetakata. Wiki tano nalala na hilo neno. Ungenigombeza ningepumzika."

"Nikugombeze kwa kufua? Na ndicho nilichokuolea?"

Upande wa pili wa shuka kunasikika kicheko, cha kwanza, kifupi, kisha kingine kirefu.

Wanarudi pamoja, na mlangoni mwa ghala mke wa Dobi anasita. Kisha anakwenda bombani na kunawa, anasuuza, anasuuza tena, ananusa vidole kuhakikisha havina sabuni. Sista anamkabidhi kopo la chakula, safari hii limejaa.

"Leo ni wewe," anamwambia. "Wenyewe wanakungoja."

Anarusha konzi ya kwanza ya chakula. Kwa muda hakuna kitu. Kisha maji yanapasuka, migongo ya perege inapandana, matone yanamrukia hadi usoni. Anapiga ukelele na kurusha konzi nyingine.

"Haya," anasema Sista, akifuta miwani ambayo haikulowa. "Wodi imeruhusiwa."

Mpishi wa hoteli ameshaambiwa asubiri mwezi mmoja zaidi, naye amekubali. Mavuno hayo yatajenga matangi mawili nyumbani kwa Dobi, chini ya kamba za kuanikia. Fundi mwashi ameshachora duara zake kwa chaki kwenye sementi, na watoto wa jirani wanachezea humo. Pampu itatafutwa ya mtumba. Vigurudumu vya mbegu, vyenye bakteria wao, atatoa Sista.

"Mtu aliyenifulia mapazia hashindwi kulea tangi," Sista anasema. "Na sasa wako wawili."

Mke wa Dobi haonekani kuwasikiliza. Ameinama juu ya pipa dogo la tangi la nne. Anatumbukiza mkono polepole na kutoa kigurudumu kimoja. Kimevaa utando mwembamba wa kahawia. Kidole gumba chake kinaanza kukisugua, kwa mazoea, kisha kinasimama. Anakirudisha majini kwa mikono miwili.

"Ua wetu una mlango mmoja," anasema. "Pipa kama hili likija nyumbani litafungwa kufuli, na ufunguo nitavaa mimi shingoni. Mtu akija na sabuni yake, hata awe mama mkwe, atanikuta hapo."

"Mama yangu amefanya nini tena?" anauliza Dobi.

"Bado hajafanya. Lakini namjua. Anapenda usafi."